Kazi Aliyoipata Eunice

Mugumu, Serengeti
14 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake, na kaka Werema umsalimu. Nimekuandikia kwa kalamu kwa sababu najua tangu ile homa ikufunge masikio, simu kwako ni kipande cha chuma tu, na meseji ulishasema ni maneno ya mtu anayekimbia mvua. Barua nampa Nashoni, yule dereva wa gari la Noah. Ataishusha stendi ya Sirari, Werema aifuate pale.

Nimepata kazi.

Nimeliacha neno hilo peke yake ili ulisome mara mbili. Ni kazi ya mapato, upande wa halmashauri. Si ajira ya kudumu, ni mkataba wa miezi mitatu mitatu, lakini tumeambiwa anayefanya vizuri anaongezewa. Aliyenipa habari ni mwenzangu niliyesoma naye uhasibu Mwanza. Naye anafanya kazi kama hii upande wetu wa Tarime. Zile safari za usaili Dodoma, watu wamejaa uwanja mzima kugombea nafasi mbili, nadhani zimekwisha.

Kazi yenyewe ni ya kawaida ya ofisini, nitakueleza siku nyingine. Leo nilitaka tu ujue kwamba wale ng'ombe hawakupotea bure.

Mwanao,
Eunice


Susuni
28 Julai 2024

Eunice mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Mama yako aliponiona nasoma huku natabasamu alidhani nimechanganyikiwa. Nikamwonyesha lile neno ulilolitenga. Hajui kusoma, unajua, lakini alilipitisha kidole taratibu kama anayepima kitambaa.

Leo nimesimama kanisani nikasema. Unakumbuka walivyonicheka: Kisyeri kauza ng'ombe wa mahari ya mwanamume asomeshe msichana, na msichana mwenyewe karudi na shahada yake anapalilia mihogo pamoja na walioishia darasa la saba. Leo hakuna aliyecheka. Nimewaambia una meza yako. Unayo meza, sivyo? Werema anauliza kama kiti chake kinazunguka.

Huku kuna jambo moja baya. Tangu mwezi huu viwango vyote vimepanda, kodi na ushuru na leseni. Mashine ya kusaga ya Werema imepandishiwa, hata kina mama wanaopanga ndizi chini juu ya gunia wanadaiwa. Wanakuja vijana wamevaa reflekta za njano, kila mmoja na kimashine cha risiti mkononi. Hawaamkii mtu. Juzi walibeba beseni la mwanamke mwenye umri wa bibi yako, ndizi zikiwa ndani. Mimi sikusikia walichosema. Nilimwona tu yule mama anavyozitazama ndizi zake zikienda. Mtoto wa namna hiyo kazaliwa na nani?

Basi, nisikuharibie furaha. Werema anasaga kwa bidii. Baba yake Kezia amekubali kungoja mahari mpaka mashine ilipe. Kaka yako hajawahi kunidai ng'ombe wake hata siku moja, hilo unalijua.

Baba yako,
Kisyeri


Mugumu
25 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Meza ninayo, iko karibu na dirisha. Mwambie Werema kiti kinazunguka, ila kinapiga kelele kama bata.

Kuhusu wale vijana wa reflekta, naomba usiwalaani sana. Wametumwa. Asubuhi wanapewa lengo la siku, na asiyelifikisha mkataba wake unakatwa, maana nje wapo wengine wanangoja na vyeti vyao kwenye bahasha. Nayajua haya kwa sababu taarifa zao zinapita kwetu. Hakuna aliyekwenda chuo ili aje abebe beseni la mtu.

Werema alipe hata kidogo kidogo, adai risiti, asigombane nao.

Krismasi huenda nikaja na habari nyingine njema. Sitaisema sasa, mama asianze kukosa usingizi.

Eunice


Susuni
15 Septemba 2024

Eunice,

Unawatetea sana hao watu kwa mtu anayekaa dirishani.

Mashine ya Werema imefungwa. Walikuja Jumatano na kufuli kubwa, wakabandika karatasi mlangoni. Alikuwa amelipa sehemu, wakasema sehemu si kodi. Mahindi ya watu yamebaki ndani kwenye magunia. Wenyewe wanakuja kuyauliza. Werema anakaa pale nje kutwa nzima, amekalia kinu kibovu, anatazama kufuli. Hali chakula vizuri.

Sasa nakuomba kama baba. Wewe ni mtu wa ofisi hiyo hiyo. Ongea na wakubwa wako wampe muda mpaka mavuno. Sijawahi kukuomba kitu.

Kisyeri


Mugumu
22 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama. Pole. Mwambie Werema pole.

Huku ni wilaya nyingine, sina sauti kwa watu wa huko. Lakini nina mtu upande huo, mtu mzuri, nimemwomba apite Susuni aone namna ya kuwaombea muda mpaka mshahara wangu utoke. Atakuja wiki hii au ijayo. Akifika mpokeeni kama mnavyonipokea mimi.

Msifanye lolote kabla hajafika.

Eunice


Susuni
6 Oktoba 2024

Eunice,

Kaka yako yuko polisi. Nitakueleza ilivyokuwa, nami nimeelezwa na mama yako, kwa sababu midomo yake ndiyo pekee ninayoweza kuisoma.

Alhamisi, siku ya gulio, tulikuwa tunamngojea mtu wako. Tulitazamia gari. Mama yako alikuwa amechemsha chai na kufagia uwanja. Badala yake ikaja bodaboda, akashuka kijana mwembamba ndani ya reflekta ya njano. Werema alikuwa mlangoni kwa mashine, ameshika spana, anasafisha mkanda wa injini aliokuwa ameutoa zamani.

Kijana akasema, "Wewe ndiye Werema?"

"Ndiye mimi. Umeleta kufuli la pili?"

"Hapana kaka. Nimekuja tuzungumze. Mimi namfahamu Eunice."

"Eunice gani?"

"Dada yako. Tunafanya kazi moja. Hata yeye anafunga vibanda vya watu kule Robanda, anajua haya mambo yalivyo. Si sisi tunaopanga."

Werema akamwambia, "Dada yangu ana ofisi Mugumu. Rudia ulichosema."

Yule kijana akarudia. Mama yako anasema alirudia taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Werema akampiga na ile spana usoni. Mara moja tu. Damu ilikuwa nyingi, jicho lilikuwa baya. Watu wakambeba kumpeleka hospitali. Kaka yako hakukimbia. Alikaa chini, akawangoja polisi wa Sirari.

Sijafurahi, usidhani nimefurahi. Ni mtoto wa mtu. Lakini alikuja mpaka kwenye uwanja wangu kuchafua jina lako, wewe ambaye nilisimama kanisani kwa ajili yako. Kama ningekuwa na masikio siku ile, sijui kama ningemzuia Werema.

Yule mtu wako hajafika mpaka leo. Mwambie afanye haraka, maana sasa tunamhitaji kweli.

Kisyeri


Robanda
11 Oktoba 2024

Baba, shikamoo.

Safari hii nimeandika jina la mahali nilipo.

Yule mtu alifika. Ndiye huyo aliyepigwa. Na alichosema ni kweli.

Sina meza, baba. Sijawahi kuwa nayo. Barua zote nilizoweka jina la Mugumu niliziandikia hapa, kitandani, kwenye chumba nilichopanga. Nina reflekta ya njano na kimashine. Asubuhi nasimama kwenye kizuizi cha mazao, mchana napita vibandani. Mwezi wa nane nilifunga kibanda cha mama mmoja anaitwa Sarah. Tembo walikuwa wametoka hifadhini wakamaliza shamba lake lote la mahindi, akaanza kuuza nyanya ili watoto wale. Akaniambia, "Binti, tembo hawakuniachia risiti." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikafunga, kwa sababu siku ile nilikuwa sijafikisha lengo.

Kijana anaitwa Godwin. Ndiye aliyenitafutia hii kazi. Habari njema ya Krismasi ilikuwa ni yeye. Alitaka kuja na wazee wake, kwa heshima, kama inavyotakiwa. Susuni si eneo lake. Alibadilishana zamu na mwenzake ili aende kuwaombea muda, kwa sababu nilimwomba. Wala sikumwambia kwamba nyumbani hamjui ninachofanya. Niliona haya. Yeye alidhani akitaja jina langu atakuwa amepiga hodi.

Nimetoka Mwanza, hospitali alikohamishiwa, kumwona. Jicho la kushoto halitaona tena. Mama yake alikuwa pembeni ya kitanda, akanikaribisha kiti, akanishukuru kwa kuja. Sikuthubutu kumwambia mimi ni dada wa nani. Alipotoka kuchukua maji, Godwin akaniuliza jambo moja tu: "Mbona hukuniambia kwamba hawajui?"

Akageukia ukutani.

Sijui utamwambiaje Werema. Alimpiga mtu kwa kusema kweli juu yangu.

Eunice


Gereza la Tarime, mahabusu
17 Novemba 2024

Eunice,

Baba ameniletea barua yako. Askari aliisoma kwanza, ndivyo utaratibu ulivyo, kisha akanipa. Alinitazama muda mrefu.

Sina maneno mengi. Naikumbuka sura ya yule jamaa alipokuwa anarudia. Haikuwa na dharau. Niliona kwamba haina dharau, lakini mkono ulikuwa umeshaondoka. Hilo sijamwambia mtu mwingine.

Ng'ombe sikukudai na sikudai leo. Ila ungeniambia. Mimi nimebeba magunia ya watu pale Sirari, nimeingia mashimo ya wachimbaji Nyamongo nikatoka nimekuwa rangi ya udongo. Ulidhani nitaionea aibu reflekta? Ningecheka siku moja, basi. Siku ya pili ningekuuliza kama wanawapa viatu.

Kezia ameolewa, upande wa Kenya. Usimlaumu baba yake, amengoja vya kutosha.

Ukimwona Godwin usimwambie lolote kutoka kwangu. Nikitoka nitakwenda mwenyewe, kama atakubali nifike.

Kaka yako,
Werema


Susuni
22 Desemba 2024

Eunice,

Nilinyamaza kwa sababu kila barua niliyoianza ilikuwa ya mtu mwenye hasira, nikaziweka jikoni mama yako akawashia moto.

Tumekwenda Nyamongo kwa mama yake Godwin. Ni mjane, anapika chakula cha wachimbaji kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara. Alimsomesha kwa ugali na maharage, mwaka baada ya mwaka. Polisi walishatuambia kesi ni ya Jamhuri, haimalizwi na wazee. Tulikwenda hivyo hivyo. Tulimpeleka yule mtamba mwekundu, ng'ombe pekee aliyekuwa amebaki. Tukamfunga kwenye nguzo.

Nikamwambia mimi ni Kisyeri, baba wa aliyempiga mwanao. Nikamwambia masikio yangu yamekufa, lakini aseme. Akasema. Alisema kwa muda mrefu sana, mwiko mkononi. Mara alilia, mara aliacha kulia akanionyesha jiko, akanionyesha mikono yake. Wateja waliacha sahani zao wakasimama. Sikusikia hata neno moja, na sikuondoka mpaka alipomaliza.

Njiani nikamgeukia mama yako anitamkie kilichosemwa. Akageuza uso dirishani. Mpaka leo sijui, naye hataki kunitazama nikiuliza.

Godwin alitoka ndani. Ana kitambaa juu ya jicho. Akaniamkia, hiyo niliiona mdomoni mwake, nikaitika. Akakaa karibu nami kwenye benchi, akaandika kwenye simu kwa herufi kubwa, akanionyesha: MZEE, MIMI NILIKUWA NAJA KWAKO KRISMASI.

Mtamba tulimwacha kwenye nguzo. Sijui kama amepokewa.

Sasa wewe. Nilikuuliza kwa barua mtoto wa namna hiyo kazaliwa na nani. Ulisoma, ukaniandikia habari za kiti kinacholia kama bata. Ungenijibu tu, baba, nimezaliwa na wewe. Ningeumia siku hiyo moja. Lakini hata mimi najiuliza kwa nini mwanangu aliniogopa kuliko alivyoogopa uongo. Labda ni kwa sababu nilitaka ile meza kuliko wewe ulivyoitaka.

Sijui kama nimekusamehe. Krismasi usije bado. Mama yako amenipiga nilipomsomea hilo, lakini nimeandika.

Kisyeri


Robanda
9 Machi 2025

Baba, shikamoo. Mama shikamoo.

Siku ya hukumu niliwaona, mlikaa mstari wa mbele. Mimi nilikuwa nyuma karibu na mlango. Hakimu alipotamka miaka, hukusikia, ukamgeukia mama, naye akakuonyesha vidole vitatu. Ukavitazama kama mtu anayesubiri cha nne au kupungua kwa kimoja. Werema alipotolewa alinipungia mkono. Mimi ndiye niliyeshindwa kumpungia.

Godwin mkataba wake ulikatwa mwezi wa kumi na mbili. Walisema kazi ya kizuizini inataka mtu anayeona pande zote mbili. Nafasi yake ilijazwa wiki ile ile na msichana mwenye shahada ya sheria. Nilimwandikia mara nyingi. Amenijibu mara moja tu: "Usije, Eunice. Mama ameshajua wewe uliyekaa kwenye kiti chake ni dada wa nani." Mtamba amepokewa, hilo aliliandika mwishoni. Amezaa.

Mkataba wangu umeongezwa na nimesaini. Najua utauliza kwa nini. Nilijiuliza mimi mwenyewe nikiwa nimeishika kalamu. Mashine imefungwa, Werema yuko ndani, ninyi mnazeeka. Nimetuma maombi ya kazi sehemu nyingine, sijaitwa hata kwenye usaili. Nikiivua reflekta hii nakuja kupalilia mihogo, na mwingine ataivaa kabla haijapoa. Sarah hunisalimia kila asubuhi. Amefungua tena kibanda. Namtolea risiti.

Naomba jambo moja. Ulisema kanisani kwamba nina meza. Nenda ukaiondoe. Sitaki Godwin aendelee kuitwa mwongo Susuni.

Eunice


Susuni
23 Machi 2025

Eunice mwanangu,

Marahaba.

Leo nimesimama. Nilisema hivi: mwanangu hana meza, anavaa reflekta na kutoza ushuru Robanda. Yule kijana aliyepoteza jicho hapa kwetu alisema kweli, na Werema amefungwa kwa sababu ya kweli ambayo haikusemwa nyumbani kwangu. Nikakaa. Kama walizomea au walinyamaza, kwangu ni kimya kimoja, lakini nilizitazama nyuso zao zote na sikuona mdomo uliosogea.

Tulipotoka, mzee Nchagwa alinifuata mpaka njiani. Mwezi wa kwanza vijana wale walimchukulia mbuzi wawili, na hakuna mtu Susuni nzima aliyewalaani kuliko yeye. Nilijua amekuja kunitukana. Nikasimama nimngoje. Alinishika mkono, akazungumza na mama yako, mama yako akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Nyamongo, akanitamkia polepole.

Binti yake, Scholastica, alimaliza ualimu wa hesabu mwaka juzi. Yuko nyumbani, haongei na mtu, anashinda amelala. Mzee Nchagwa anauliza kama huko kwenu kuna reflekta nyingine.

Nimemwambia nitakuuliza. Hakuuachia mkono wangu, Eunice, mtu mzima yule. Nijibu haraka, maana amesema atakuwa anapita kila jioni kuulizia barua.

Baba yako,
Kisyeri